Barua ya Wazi kwa Waziri wa Nyumba: Ni Nini Maana ya "Maji na Umeme Ndani ya Kodi"?

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima. Ninakuandikia kwa mwanga wa simu, kwa kuwa umeme wa jengo tunaloishi ulikatwa Ijumaa jioni na leo ni Jumatatu. Haukukatika kwa hitilafu, umekatwa kwa deni, ingawa hakuna mpangaji hata mmoja humu anayedaiwa: sote tulipanga kwa makubaliano kwamba maji na umeme vimo ndani ya kodi, na kodi ya mwezi huu tulikwisha kuilipa.

Nilipowapigia simu wauza umeme, niliulizwa kwa upole namba yangu ya mteja, nami sina. Mteja ni mwenye nyumba, ambaye simu yake inaita bila kupokewa. Mimi niliyelipa sitambuliki, na anayetambulika hakulipa.

Huenda ukauliza, kama alivyoniuliza ndugu yangu, kwa nini nisitafute nyumba yenye mita yake. Mheshimiwa, mwenye kipato kidogo hutafuta kodi yenye kila kitu ndani kwa sababu anataka kujua tangu mwanzo wa mwezi ni kiasi gani kitatoka mfukoni, asishtukizwe na bili. Niliitafuta nyumba hii kwa miezi mitano. Nilipelekwa na madalali kwenye vyumba vilivyotangazwa kuwa "kila kitu ndani", na mlangoni nikaambiwa kuwa kumbe taka na ulinzi havimo. Kwingine maji yalikuwamo, ila kwa kiwango ambacho hakikuandikwa popote na ambacho mwenye nyumba peke yake ndiye aliyejua kimepitwa lini. Hata hapa, miezi miwili iliyopita, lilibandikwa tangazo la kutudai "ziada", iliyogawanywa sawa kwa kila mlango, awe ndani mtu mmoja au watu saba. Tulilipa. Sasa ninajiuliza ziada ile ilikwenda kulipia giza la nani.

Ninahisi chanzo kimojawapo ni mita yenyewe. Mahali pengi bei ya uniti hupanda kadiri matumizi yanavyoongezeka, kwa nia njema ya kumlinda anayetumia kidogo. Lakini familia nane zikiwekwa kwenye mita moja, huhesabiwa kama mtu mmoja mwenye matumizi ya kifahari, na bei ya juu inaziangukia zote, hata ile yenye taa mbili tu. Pengine mwenye nyumba alipanga kodi bila kupiga hesabu hiyo, akazidiwa. Pengine pia fedha zetu zilipata matumizi mengine. Siwezi kumlaumu sana, kwa kuwa hakuna kanuni inayomlazimisha kutuonyesha ankara.

Na hapo ndipo ninapolazimika kukukumbusha, kwa unyenyekevu, kwamba kanuni za mikataba ya upangaji uliziahidi wewe mwenyewe, ukasema zimefikia "hatua za mwisho". Hatua hizo sasa zina miaka miwili. Hotuba zako hupenda kulitaja Lengo la 11 la maendeleo endelevu la Umoja wa Mataifa, lililokubaliwa mwaka 2015, kwamba ifikapo 2030 watu wote wapate makazi ya kutosha, salama na ya gharama nafuu, pamoja na huduma za msingi. Ninaomba uisome tena sehemu ile ya "pamoja na", kwa sababu waandishi wake hawakuitenganisha nyumba na maji yake. Uingereza, mwenye nyumba haruhusiwi kumuuzia mpangaji umeme kwa bei inayozidi ile aliyoununulia. Sisi hatujafika hata kwenye kuonyeshwa risiti.

Nilikusudia kuomba mambo mengi: mita ndogo kwa kila nyumba, mgawanyo wa haki, adhabu kwa madalali waongo. Ila simu yangu imebakiwa na asilimia tisa ya chaji, kwa hiyo nitaomba moja tu. Atakayetangaza kwamba maji na umeme vimo ndani ya kodi, alazimike kuandika katika mkataba ni nini kimo na kwa kiasi gani, na mpangaji aliyelipa asikatiwe kwa deni lisilo lake. Asikatiwe, Mheshimiwa. Hilo tu.

Wako mtiifu,
Mpangaji wa ghorofa ya tatu, asiye na namba ya mteja