Tusiusahau Uwanja wa Taifa wa zamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niukumbuke Uwanja wa Uhuru, Temeke, ambao wengi tunauita Shamba la Bibi. Tangu uwanja mkubwa wa jirani ufunguliwe mwaka 2007, vijana wa Simba wanaupita tu. Hawajui kwamba hapo ndipo bendera ya Tanganyika ilipopandishwa usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, wala kwamba Julai 19, 1977 tuliifunga Yanga 6-0, Abdallah Kibadeni akipachika matatu peke yake. Sita!

Sisi wa mzunguko tulikaa juani, karanga na kashata zikipita mkono kwa mkono, na lazima jirani awe na redio sikioni, maana bila sauti ya mtangazaji mechi haikunoga hata ukiiona kwa macho yako. Raha ile sijaipata kwenye viti vya plastiki.

Ombi langu kwa viongozi wa klabu: warekodini wazee walioiona mechi ya 1977 kabla hawajatutoka, na ombeni ruhusa ya kuweka kibao chenye majina ya kikosi kile palepale uwanjani.

Mpenzi wa Simba,
Keko, Dar es Salaam