Lile goti, mwanangu

Mwanangu,

Mama yako kaniambia jana usiku, na mimi nikidhani tunazungumzia mahindi. Eti Jumamosi ulichomwa sindano ya ganzi ndipo ukaingia uwanjani, kwa sababu yule wakala alikuwa jukwaani. Sikulala mpaka adhana ya alfajiri. Naandika kwa kuwa kwenye simu utaniambia "Baba, niko poa," nami nitakubali, kama ninavyokubali siku zote.

Goti linasemaje? Usiniambie linaendelea vizuri. Nijibu hivi: asubuhi linavimba au halivimbi? Ukishuka ngazi linauma upande gani?

Unajua nitamtaja nani, na unacheka tayari. Ndiyo, Vučinić, yule mshambuliaji wa Montenegro. Habari za mimi na Al Jazira, ile timu ya Abu Dhabi nilipokuwa dereva kule, unazo zote, sizirudii. Ila kuna sehemu nilikuwa naziruka kila nikikusimulia, maana nilipenda kukupa mabao.

Ulipokuwa mdogo nilikwambia alitoka Nikšić, mji mdogo, kwenye nchi ambayo watu wake wote hawafiki hata milioni moja, akaenda klabu ya Lecce, Italia, mwaka 2000 hajatimiza miaka 18. Nikakwambia msimu wa 2004/05 chini ya kocha Zeman alifunga mabao 19 kwenye Serie A, ligi kuu ya Italia, na Lecce haikuwa timu ya kutisha. Lililofuata sikukwambia. Mwaka 2006 alikuwa kwenye kikosi cha Serbia na Montenegro cha Kombe la Dunia. Akaumia kabla ya mashindano, akaachwa. Kocha akamwita mwanawe wa kumzaa kuziba pengo, watu wakaja juu, kijana akajitoa mwenyewe, timu ikaenda Ujerumani na wachezaji 22. Argentina wakawapiga sita bila. Wakati huo nchi yenyewe ilikwishagawanyika, Montenegro wamepiga kura Mei ile ile na kushika njia yao.

Hakupata tena nafasi ya Kombe la Dunia. Wala la Ulaya. 2011 walifika mchujo, Wacheki wakawafunga nyumbani na ugenini. Mtu aliyefunga bao la kwanza kabisa la taifa lake, ile penalti dhidi ya Hungaria Machi 2007, akawa nahodha, hakuyaona mashindano makubwa hata mara moja. Inauma, sikudanganyi. Lakini kiangazi kile kile cha 2006 klabu ya Roma walimchukua. Kuumia hakukufunga mlango. Mwenyewe angefanya nini kama angeficha? Wewe nambie, unayejua sindano.

Na ile dabi ya Aprili 2010 unayoipenda. Wewe unakumbuka penalti yake na ule mpira wake wa adhabu, Lazio wamelala 2-1. Mimi nataka ukumbuke mapumziko. Roma wako nyuma kwa bao moja, kocha Ranieri anawatoa Totti na De Rossi. Watoto wa mji, kwenye dabi ya mji wao! Wakakaa benchi, timu ikashinda. Kutoka uwanjani si kufa, mwanangu. Kama kuna mtu alikwambia kwenye UMISETA, ile michezo ya sekondari, kwamba mwanaume hatoki kwa mguu kuvimba, mtu huyo siku ile alikuwa na wageni wa baraza aliotaka wamwone mwanawe. Usimsikilize sana.

Najivunia wewe. Mwalimu wako wa hesabu naye alikuwa anajivunia, mpaka ulipoacha kwenda. Hilo tutalizungumza siku nyingine.

Jambo la wakala. Januari 2014 Vučinić alikuwa anaondoka Juventus kwenda Inter, abadilishwe na Guarín wao. Kila kitu kimepangwa, magazeti yamekwishaandika. Mashabiki wa Inter wakawaka, biashara ikafa. Naye alikuwa bingwa wa Italia mara mbili, ya tatu akaichukua msimu ule ule. Sasa wewe unayekwenda Italia kwa majaribio ya wiki mbili, usigawe viatu vyako kabla hujaweka saini. Pasipoti ishike mwenyewe, wakala akiiomba mpe nakala.

Baada ya hapo ndipo akaja kwetu Abu Dhabi. Mabao 25 msimu wa kwanza, mfungaji bora wa ligi. Sisi madereva tulikuwa tukimaliza zamu tunakwenda kumtazama hivyo hivyo na sare zetu. Alikuwa anatembea uwanjani kama mtu aliyesahau alichofuata dukani, halafu ghafla, bao. Kisha majeraha yakamwandama, na hakuichezea klabu nyingine baada ya ile. Nami ile ya kupeana naye mkono, sawa, lilikuwa basi la timu, na mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara. Nilimpungia.

Nimekutumia pesa ya kile kipimo cha kuingizwa kwenye mashine kama pipa. Nenda Jumatatu, kabla ya safari, na karatasi ya majibu uende nayo Italia. Daktari wao akikuuliza, mwambie goti lipi na tangu lini. Wale wanapima, watakukuta. Usiulize pesa nimeitoa wapi. Bati za jiko zitasubiri masika yapite, mama yako anapikia barazani na hajalalamika zaidi ya kawaida yake. Mbuzi wa bibi yako kazaa mapacha, mmoja kilema kidogo, bibi anasema huyo ndiye wako. Mdogo wako anataka chumba chako. Nimemwambia bado, lakini godoro keshalihamisha.

Ufunguo wa kabati la vyombo umeondoka nao. Mpe utingo wa basi la asubuhi, nitampokea stendi. Kwa basi hilo hilo mama yako anakuletea mafuta ya nyonyo ya kuchulia. Mkubalie, umshukuru, ila usiyapake mpaka daktari alione goti likiwa kavu. Na uniandikie linavimba au halivimbi.

Baba yako