Risala ya Wanafunzi wa Fani ya Uashi kwa Mgeni Rasmi: Tope la Bwawa Ndani ya Saruji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana chuoni kwetu hapa Dodoma. Tunashukuru umeacha shughuli zako ukaja kutusikiliza, tena kwenye jua hili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mezani mbele yako kuna sahani mbili za bati. Moja ina tope la kijivu tulilochota ukingoni mwa Bwawa la Hombolo maji yalipopungua kiangazi. Nyingine ina tope hilohilo, ila limekaushwa, likachomwa, likasagwa na kuchekechwa. Limegeuka jekundu kama tofali kwa sababu ya chuma kilichomo.

Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1957, na kila mvua inaponyesha linapokea udongo wa mashamba na malisho ya juu yake. Tatizo la mmomonyoko mkoani kwetu ni la siku nyingi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na kule Kondoa mwaka 1979 hata mifugo ilihamishwa ili ardhi ipumzike.

Sisi tunaliangalia tope hilo kwa macho ya fundi: tunataka lichukue nafasi ya sehemu ya saruji. Udongo mfinyanzi wenye kaolini, madini meupe ya ufinyanzi, ukichomwa kwa nyuzi joto kati ya 600 na 800 hupoteza maji yaliyofungwa ndani yake, ukawa tayari kushikana na chokaa ambayo saruji huitoa inapoganda. Klinka, yaani vidonge vinavyosagwa kuwa saruji, huhitaji nyuzi 1450, na mawe ya chokaa yenyewe hutoa hewa ya ukaa yakichomwa. Kwa hiyo kila kilo ya saruji tunayoipunguza ina maana yake.

Tunasema kupunguza, Mheshimiwa. Tope bichi halifai hata kidogo: mabaki ya majani huchelewesha saruji kuganda, na chumvi hula nondo. Hata lililochomwa vizuri tunaliweka badala ya sehemu ndogo tu ya saruji, kama kumi hadi ishirini kwa mia. Tena lina kiu. Zege linakuwa zito kwenye koleo, na fundi asiyejua hunyanyua ndoo kuongeza maji, akaua nguvu aliyokuwa anaitafuta.

Kuni nazo zimetutia mashaka. Tukichoma tope kwa kuni, tutakata miti ileile ambayo kukosekana kwake ndiko kulikolileta tope bwawani. Ndiyo maana tunataka tanuri la kutumia pumba za mpunga na maganda ya karanga, lenye kipimajoto, maana kwa sasa tunakisia joto kwa rangi ya moto.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, semina tumeshapata za kutosha. Tunaomba mambo matatu. Utusaidie kupata kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ili tuchote kiangazi bila kugusa tuta. Vijiwe vyetu vya zege vya majaribio vivunjwe kwenye mashine ya maabara inayotambulika vikishatimiza siku 28, ili nguvu yake ijulikane. Na kabla matokeo hayajatoka, mtu yeyote asiruhusiwe kutumia mchanganyiko huu kwenye nguzo au linta ya darasa. Sisi wenyewe tutaanza na matofali ya uzio wa bustani ya chuo.

Naomba kuwasilisha.