Anayemtoa mbwa mwenye kifafa asifiche ugonjwa wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie desturi ambayo nimeikuta katika mitaa yetu ya Dar es Salaam, nayo ni kumkabidhi mtu mbwa mgonjwa huku ukimwambia kwamba ni mzima. Naandika nikiwa nimekaa miezi minane na mbwa wa namna hiyo, na nimempeleka mimi mwenyewe kwa watu wanaoishi naye sasa.

Mimi ni muuguzi mstaafu na mkazi wa Tabata. Mwaka jana, mvua za vuli zilipoanza, kijana mmoja alinijia na mbwa jike wa rangi ya kahawia, mwenye umri wa miaka miwili hivi, amefungwa kamba ya katani iliyokwisha kumchubua shingo. Alinieleza kuwa mwenye mbwa amehama, na kwamba mbwa mwenyewe hana tatizo lolote isipokuwa woga. Nilikubali kumlea kwa muda hadi apatikane wa kumchukua moja kwa moja. Mjukuu wangu alimwita Shwari, nadhani kwa kumwombea, maana wakati huo hakuwa na utulivu hata wa dakika moja.

Usiku wa nne, yapata saa tisa, niliamshwa na kishindo kutoka nyuma ya simtanki, mahali alipojificha tangu alipofika. Nilimkuta amelala ubavu, miguu imekakamaa, kisha ikaanza kupiga kama anayeogelea, povu linamtoka mdomoni na haja ndogo imemponyoka. Nimefanya kazi wodini zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa ninachokiona. Nilitazama saa na kuondoa ndoo iliyokuwa karibu na kichwa chake, nikakaa kando. Haikufika dakika mbili. Alipoinuka aliyumba, akazunguka ua akigonga kuta kama asiyeona, na hakunitambua kabisa. Kulipopambazuka alikuwa amerudi nyuma ya simtanki, anatetemeka.

Nilimtafuta yule kijana, naye alikiri kwamba Shwari alikuwa amepita katika nyumba mbili kabla ya yangu. Nyumba ya kwanza walimpeleka kwa daktari, wakanunua vidonge vya mwezi mmoja, vilipokwisha hawakununua vingine. Nyumba ya pili hawakuambiwa habari ya vidonge wala ya kuanguka. Alipoanguka mbele ya wageni walisema ana kichaa, akapigwa fimbo akiwa katikati ya kifafa. Kijana huyo si mtu mbaya. Aliniuliza, akiwa ameinamisha kichwa: "Mama, ningesema ukweli, nani angempokea?" Nimelisikia swali hilo mara nyingi tangu hapo, na barua hii naiandika ili nilijibu.

Kwanza, tazameni ukimya huo ulivyomdhuru mbwa mwenyewe. Dawa ya kifafa haikatishwi ghafla, iwe kwa binadamu au kwa mnyama. Mwili uliokwisha kuizoea ukinyimwa kwa mara moja, kifafa huweza kurudi kwa nguvu kuliko kilivyokuwa mwanzo na kufuatana bila kupumzika. Laiti ningepewa hata karatasi moja yenye jina la dawa na tarehe aliyoacha kuinywa, daktari wa mifugo asingelazimika kuanza upya kabisa. Ilibidi achunguze kama Shwari alikula sumu ya panya, kama sukari ya mwili hushuka, kama ini lina hitilafu, kama aliwahi kuumia kichwani au kuugua distempa, ule ugonjwa wa virusi wa mbwa, kwa kuwa yote hayo huweza kumwangusha mbwa. Hakuona dalili ya mojawapo, na kwa umri wake alihitimisha kuwa ni kile kifafa kisichokuwa na chanzo kinachoonekana, ambacho kwa kawaida huanza mbwa akiwa kati ya miezi 6 na miaka 6. Alimwandikia fenobabitoni, kila baada ya saa 12.

Dawa hiyo naijua kama ninavyozijua njia za Tabata. Imetumika kutibu kifafa cha binadamu tangu mwaka 1912, na ndiyo niliyowagawia wagonjwa wangu kwa miaka mingi. Hata hivyo sikuthubutu kumpimia Shwari mwenyewe, na nawasihi wasomaji wasithubutu, kwa sababu kiwango cha mbwa kwa kila kilo ya uzito hakilingani na chetu. Wiki mbili za mwanzo alilala mno, alipepesuka miguu ya nyuma, alikunywa maji kupita kiasi na kudai chakula kila saa, mambo ambayo daktari alikuwa amenitahadharisha. Baada ya hapo alichangamka. Vidonge vyenyewe havikuwa ghali. Kilichonigharimu ni vipimo vya damu, kwa kuwa inabidi kujua kiasi cha dawa kilichomo mwilini na kulichunguza ini mara kwa mara.

Naomba hapa nieleweke vizuri kuhusu kichaa cha mbwa, kwa sababu sitaki mtu yeyote aumwe kwa ajili ya barua yangu. Mbwa asiyejulikana, asiyechanjwa, ambaye tabia yake imebadilika ghafla au anayeanguka na kutoa povu, asiguswe. Aitwe daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo, bila kungoja kuona mbwa atakuwaje. Lakini kichaa na kifafa ni magonjwa mawili tofauti. Mwenye kichaa huzidi kudhoofika na hufa ndani ya siku chache tangu dalili zianze, ilhali mwenye kifafa huanguka kwa dakika moja au mbili na baada ya muda hurudi kuwa mbwa yule yule aliyekula jana mkononi mwako. Kifafa hakiambukizi, si kwa povu wala kwa kugusana. Shwari nilimchanja, na kadi yake ya chanjo niliionyesha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla hajaiuliza.

Hofu ya povu naifahamu tangu ujana wangu kazini. Nilipokuwa mwanafunzi tulisimuliwa habari za kliniki ya kifafa iliyoanzishwa Mahenge na daktari Louise Aall mwanzoni mwa miaka ya 1960, na za wagonjwa walioangukia motoni wakaungua kwa sababu waliokuwa karibu waliogopa kuwagusa. Simfananishi mbwa na binadamu. Nasema tu kwamba woga uliomwacha mtu aungue jikoni na ule uliomchapa Shwari fimbo asili yao ni moja, na mimi nimeuona wote.

Kazi kubwa zaidi, lakini, haikuwa kifafa. Ilikuwa ule woga aliokuja nao. Kwa wiki tatu hakula mbele ya mtu. Mnyororo wa geti ukilia, alijipenyeza nyuma ya simtanki hadi akajichubua. Bodaboda ikipita alijikojolea. Nilijifunza kutomwita, kutomwinamia wala kumtazama machoni. Kila jioni niliweka kigoda uani, nikampa mgongo, nikasoma gazeti hili kwa sauti ya chini, huku sahani yake ya ugali wa dona na dagaa ikiwa hatua kumi kutoka nilipokaa. Kila baada ya siku mbili tatu niliisogeza sahani kwa hatua moja. Kidonge nilikificha ndani ya tonge lenye dagaa, nikimtupia kwanza tonge mbili tupu ili asitie shaka. Mwezi wa pili alikuja akaweka kidevu juu ya kandambili yangu. Sikumshika. Niliendelea kusoma matangazo ya vifo hadi ukurasa ukaisha, machozi yakinitoka.

Nililoligundua ni kwamba mambo hayo mawili, woga na kifafa, hayatenganishwi katika malezi. Kila alipoanguka alizinduka hajui yuko wapi wala nani yuko mbele yake, na mbwa mwoga akiwa katika hali hiyo anaweza kung'ata bila kukusudia. Kwa hiyo watoto tuliwafundisha kutomkaribia, na kwamba mtu asitie mkono mdomoni mwake, kwani mbwa hamezi ulimi wake. Usiku wa kuamkia mwaka mpya, fataki zilipoanza kulipuka, nilimfungia stoo, nikaziba dirisha kwa blanketi, nikawasha redio kwa sauti ndogo na kulala huko huko juu ya mkeka.

Mwezi wa Aprili nilikwenda Magomeni kumjulia hali ndugu yangu. Mvua ilinyesha, Mto Msimbazi ukajaa, magari yakakwama, na kidonge cha saa moja jioni alikipata saa tano usiku, kwa sababu mjukuu alikuwa nyumbani ila sikuwa nimemfundisha kumpa. Alfajiri Shwari alianguka mara mbili, na ya pili ilikaribia dakika tano, ambacho ndicho kipimo cha kukimbilia kwa daktari bila kusubiri. Alichomwa sindano, akapona. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo nilijua kwamba nitakayempa Shwari si lazima awe tajiri wala mwenye ua mkubwa, bali ni lazima nyumbani kwake awepo mtu saa moja asubuhi na saa moja jioni, siku zote za mwaka, na wa pili wa kushika nafasi yake.

Sasa nalijibu swali la kijana. Nilipoanza kumtafutia makazi, kila aliyeuliza nilimweleza kifafa katika sentensi ya kwanza, kabla ya rangi na umri. Wa kwanza alitaka mbwa wa ulinzi, tukaagana kwa heshima. Wa pili aliposikia neno kifafa hakupiga simu tena, na hilo nalo lilikuwa jibu jema, kwa kuwa lilimwokoa Shwari na nyumba ya nne. Mzee jirani yetu, mwalimu wa madrasa, ambaye mwanzoni aliniomba tu mbwa asikae katika njia ya waendao msikitini, nami nikatii, ndiye aliyewakumbusha vijana wa mtaa hadithi ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu, kisha akaulizia kwa ndugu zake kote. Kwa njia hiyo wakapatikana walimu wawili wastaafu, mume na mke, wa Kigamboni.

Hawakumchukua siku ya kwanza. Walikuja Jumapili nne, wakavuka kwa kivuko na kupanda daladala mbili, wakakaa uani kwangu wakimpa Shwari mgongo kama nilivyowaelekeza. Jumapili ya tatu mama yule alimpa kidonge kwa mkono wake. Niliwakabidhi daftari lenye tarehe, saa na urefu wa kila kifafa, kadi ya chanjo, cheti cha kufungwa kizazi, kwani haifai mbwa mwenye kifafa azae, pamoja na vidonge vya miezi miwili na khanga yangu kuukuu aliyokuwa akilalia. Tulikubaliana mwezi mmoja wa majaribio, na kwamba akirudishwa hakuna atakayelaumiwa. Tulimpeleka alfajiri kwa gari la jirani, tukapitia darajani ili asisikie honi ya kivuko, na kwa wiki mbili hakufunguliwa kamba hata ndani ya ua uliozungushiwa ukuta, kwa sababu mbwa mwoga akibadilishiwa nyumba hufikiri kwanza kukimbia.

Mwezi ulikwisha, naye yuko huko huko. Ameanguka mara moja, kwa dakika moja na nusu, na walimu wale wakaandika kwenye daftari.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili na inamtaka mwenye mnyama amtunze, lakini siandiki ili mtu ashtakiwe. Ninaloliomba kwa wasomaji wako ni dogo. Mwenye mbwa aliyeanguka hata mara moja, anapompeleka kwa mtu mwingine, aandike nyuma ya kadi ya chanjo: ameanguka lini, kwa dakika ngapi, anakunywa dawa gani, mara ya mwisho ameinywa saa ngapi. Madaktari wa mifugo nao nawaomba wawape wenye mbwa maelezo hayo kwa Kiswahili, kwa maandishi, badala ya kuyasema tu mtu akiwa mlangoni anatoka.

Nyuma ya simtanki nimesafisha, na kigoda kipo. Atakayeniletea mbwa mwingine nitampokea, awe ana kifafa au hana, ila nitamkalisha kwanza nimuulize maswali hayo manne.

Wako,
Muuguzi mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam