Kila chama majedwali yake? Hesabu inakataa

Mhariri,

Vyama vya akiba na mikopo na vikundi vya wauza dagaa hapa Mwanza vinapoingizwa kwenye mfumo mmoja, sharti linalopendwa ni kila chama kiwe na majedwali yake ndani ya kanzidata. Linasikika kama usalama. Kanzidata ikiwa imetawanywa kwenye seva kadhaa, sharti hilo huulemaza mfumo taratibu.

Chukua vyama 300, kila kimoja majedwali 40: jumla 12,000. Kila jedwali likiwa na faharasa 2 (orodha za kuharakisha utafutaji), na kila jedwali na kila faharasa kikiwa kipande chake, vinakuwa vipande 36,000, na kila kipande huwekwa nakala 3. Hizo ni 108,000. Kwenye seva 6, kila seva inabeba nakala 18,000, nyingi zikiwa na data ambayo ingetosha kwenye daftari la shule. Katika kila kipande, nakala kiongozi huwapigia hodi wafuasi wake 2 kuonyesha kuwa iko hai. Hodi zikipigwa kila nusu sekunde bila kufungwa pamoja, kila seva inatuma 24,000 kwa sekunde kabla mwanachama hajaweka hata shilingi. Ni kama kila mwenye gunia moja pale Kirumba Mwaloni akodi lori lake.

Kuongeza diski hakusaidii. Kinachoelemewa ni memori na prosesa. Kanzidata ya Cassandra, kwa mfano, hula takriban megabaiti 1 ya memori kwa kila jedwali, hata likiwa tupu. Halafu ije siku ya kuongeza safu wima moja: amri ileile mara 300, na ikikwama kwenye chama cha 173, mmebaki na mifumo miwili.

Yatosha majedwali 40 kwa wote, namba ya chama ikitangulia kwenye ufunguo mkuu, yaani kitambulisho cha kila safu mlalo. Kanzidata ya PostgreSQL, tangu toleo la 9.5, ina ulinzi wa kila safu mlalo: mtumiaji huona safu anazoruhusiwa tu. Hapo ndipo watu huteleza: programu ikiingia kwa akaunti inayomiliki majedwali, ulinzi huo hauigusi mpaka ulazimishwe kwa mmiliki pia. Tena namba ya chama, ambayo ulinzi huo huitumia kuchuja safu, iwekwe kwa muamala husika tu wa kanzidata. Ikibaki kwenye muunganisho kati ya programu na kanzidata, nao ukapewa mtumiaji mwingine, karani wa Ilemela atasoma mikopo ya Ukerewe.

Chama chenye miamala mingi kupita wenzake kitengewe kanzidata yake. Hicho kimoja, si 300.

Wahandisi wa kanzidata,
Mwanza