Draya ikipoteza joto, tusiunge waya juu ya fyuzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wasomaji, hasa wa hapa Dodoma, juu ya jambo linaloninyima usingizi. Mimi ni fundi wa vyombo vya umeme vya nyumbani na kazi yangu naifanyia Majengo. Zamani mashine za kukaushia nguo, au draya kama tulivyozoea kuziita, tulizisikia kwa wenye hoteli tu. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, na nyumba kuongezeka Kisasa, Ilazo na Iyumbu, zimeingia majumbani. Anayeshangaa mtu kukausha nguo kwa umeme katika mji wenye jua kama huu hajawahi kuanika shuka nyeupe mwezi Agosti, upepo ukivuma kutoka upande wa barabara ya vumbi. Halafu kuna wenye watoto wachanga na wenye wagonjwa wa kitandani. Mvua za Januari zikishika, hao hawana muda wa kusubiri jua.

Malalamiko ninayoletewa karibu yote yanafanana: "Fundi, inazunguka tu, joto haina." Ninachokikuta nikizifungua ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Hivi karibuni niliitwa na mama mmoja wa Ilazo anayemuuguza mama yake mzazi. Draya yake iliwahi kupoteza joto, akamwita fundi, ikapona siku hiyohiyo kwa fedha kidogo. Baada ya muda ikaanza kutoa harufu ya kuungua, na nguo zikawa zinatoka na moto usioshikika. Nilipofungua bati la nyuma nikakuta fyuzi ya joto, ile kinga inayokata umeme wa hita joto likizidi, imerukwa. Waya wa shaba umesokotwa kutoka ncha moja hadi ya pili, ukafungwa utepe mweusi, na utepe wenyewe umeshayeyuka. Ganda la waya wa jirani lilikuwa limegeuka kahawia na linapukutika ukiligusa kwa kucha. Chini ya hita zilijaa nyuzinyuzi za nguo, na zile zilizokaribia koili, yaani waya wa hita unaopata moto, zilikuwa zimeanza kuungua. Chumba cha pili alikuwa amelala bibi asiyeweza kujigeuza mwenyewe. Alinisalimu "mbukwa" nilipokuwa napita na vifaa vyangu, nikamwitikia, na ndani nilikuwa nimejaa hasira.

Nilitaka kujua fyuzi ile ilikatika kwa nini, kwa hiyo nikalifuata bomba la kutolea hewa hadi nje. Waliojenga walikuwa wameziba tundu la ukutani kwa wavu wa mbu. Nia yao ilikuwa njema, mbu na mijusi wasipate njia. Lakini hewa inayotoka kwenye draya inabeba nyuzinyuzi, na kila zilipofika kwenye wavu zilinasa, hadi pakawa pamejaa kama godoro. Nilizitoa kwa mikono miwili. Hewa haikuwa na pa kutokea hata kidogo.

Hapo ndipo ulipo ugonjwa wa draya nyingi, na ndipo watu wasipotazama. Draya haikaushi nguo kwa joto peke yake. Feni inavuta hewa, hewa inapita kwenye hita, inaingia kwenye pipa, inabeba unyevu wa nguo, inapita kwenye chujio na kutoka nje. Njia hiyo ikiziba, joto linabaki palepale kwenye hita na kuzidi kupanda. Kuna themostati ya kuizima hita na kuiwasha tena, na ikizidiwa ndipo fyuzi ya joto inapokatika. Baadhi ya draya zina kinga yenye kitufe cha kubonyeza ili irudi, lakini fyuzi yenyewe ikikatika haijirudishi. Mota inaendelea kuzunguka, hita inakaa kimya, na mwenye mashine anasema imeharibika. Mimi nasema imefanya kazi yake. Anayebadilisha fyuzi bila kusafisha njia ya hewa ataitwa tena, na aliyeunga dairekti, yaani waya moja kwa moja bila fyuzi, ameondoa kinga ya mwisho iliyokuwa kati ya hita na nyumba ya watu.

Kwa hiyo kabla ya kumwita fundi yeyote, anza na hewa. Chomoa plagi. Toa chujio, ondoa nyuzinyuzi, halafu lishike chini ya bomba la maji. Maji yakipita moja kwa moja, ni zima. Yakituama juu yake, basi dawa za kulainisha nguo zimeacha utando usioonekana kwa macho. Lioshe kwa sabuni na brashi laini, likauke ndipo ulirudishe. Watu wengi hawaamini hili mpaka wayaone maji yametuama kwenye wavu wanaouona msafi kabisa. Kisha isogeze draya uangalie bomba la nyuma, maana mara nyingi mashine imesukumwa ukutani na bomba limekunjika. Toka nje uangalie tundu. Kama lina wavu, toa wavu, weka kifuniko cha mabapa yanayofunguka hewa ikitoka na kujifunga ikikoma. Ukiwa huko mwache mtu aiwashe kwa dakika kadhaa, uweke kiganja. Upepo dhaifu maana yake njia imeziba. Upepo wa nguvu lakini wa baridi maana yake kuna tatizo la umeme ndani.

Wenye draya zisizo na bomba, zile za tanki la kukusanya maji, wamwage tanki na waoshe kile kipoozeo cha chini kinachozibwa na nyuzinyuzi. Nyingine za kisasa hazina hita ya koili, zinatumia kompresa na gesi kama jokofu. Hizo joto lake ni la wastani na zinachukua muda mrefu. Usiziite mbovu kwa sababu nguo hazikuchomi mkono.

Ikifika kwenye umeme, fundi anapaswa kuja na mita, kile kifaa cha mkononi cha kupimia umeme, si kubahatisha. Hita ya wati 2,000 kwa volti 230 ikipimwa, mashine ikiwa imechomolewa, itasoma karibu omu 26, omu ikiwa kipimo cha ukinzani wa waya. Isiposoma kitu, koili imekatika, na mara nyingi mkato unaonekana kwa macho. Fyuzi nzima husoma karibu na sifuri. Vipimo viwili vya mita vinatosha kujua kipi kimekufa, kwa hiyo mteja ana haki ya kusimama pale akaoneshwa. Fyuzi mpya iwe na namba zilezile za joto na ampea zilizochapwa kwenye ile ya zamani.

Upo pia umeme mdogo, ambao unawasumbua wengi bila kujua. Nguvu ya hita inashuka upesi kuliko volti. Kwenye nyumba inayopata volti 180 badala ya 230, hita ya wati 2,000 inatoa kama wati 1,225 tu, wakati mota bado inazunguka kama kawaida. Nguo zitatoka mbichi na hakuna kifaa kilichokufa. Ukiongeza ekstensheni nyembamba ndefu, hali inazidi kuwa mbaya, na plagi inaanza kuwa nyeusi. Draya ichomekwe kwenye soketi yake yenyewe ya ukutani.

Sasa niseme juu ya mitumba, maana hapa watu wanapoteza fedha. Draya za umeme za Marekani zimetengenezwa kwa nyaya mbili za moto. Kati ya hizo mbili hita inapata volti 240, wakati mota inatumia upande mmoja tu, volti 120. Umeme wa nyumba zetu haukupangwa hivyo. Mtu anainunua, anaambiwa atafute transfoma ya kushusha hadi 110, anaiwasha, mota inazunguka vizuri na hita haipati kitu. Atabadilisha hita na themostati hadi achoke. Akiipeleka mota hiyo kwenye 230 moja kwa moja, itaungua. Hata akipata transfoma kubwa ya kufaa, umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kule ni 60, hivyo mota na feni vinapungua mwendo kwa karibu sehemu moja ya sita, na tunarudi kulekule kwenye upungufu wa hewa. Ushauri wangu ni kuziacha. Soma kibati cha nyuma kabla ya kutoa fedha: kiandikwe volti 220 hadi 240 na hezi 50.

Za Uingereza zinaendana na umeme wetu, lakini nazo zina habari yake. Mwaka 2015 kampuni ya Whirlpool ilitoa tahadhari huko kwamba katika baadhi ya draya zilizotengenezwa kati ya Aprili 2004 na Septemba 2015, zikiwemo za majina ya Hotpoint na Indesit, nyuzinyuzi zinaweza kugusa hita na kuwaka. Mwaka 2019 ikaanza kuziita zirudishwe zile ambazo hazikuwa zimerekebishwa. Ukikuta mtumba wa umri huo, usiununue kwa sababu tu unang'aa. Na Marekani, takwimu za zimamoto za mwaka 2008 hadi 2010 zilikadiria matukio 2,900 ya moto wa draya majumbani kila mwaka, sababu iliyoongoza ikiwa ni kutosafisha. Hao ni watu waliozizoea mashine hizi kwa miaka mingi.

Nawaomba wafanyabiashara wenzangu wanaouza mashine hizi wasimuoneshe mteja pipa likizunguka na kupokea fedha. Iwashwe kwa dakika kumi, mteja aweke mkono hewa inapotokea, asikie joto. Wenye nyumba za kupangisha wakague matundu yao ya ukutani wiki hii, kazi yenyewe haihitaji fundi. Na kwenu mafundi wenzangu: najua mteja anataka leo na anataka kwa bei ndogo, na najua fyuzi halisi wakati mwingine lazima iagizwe Dar es Salaam na kusubiriwa. Mwambie asubiri. Nguo zikae kwenye kamba za ndani siku mbili tatu. Kama umeshawahi kuunga dairekti kwenye nyumba ya mtu, unaikumbuka nyumba hiyo. Rudi ukautoe waya.

Msomaji ambaye draya yake iliwahi kupona kwa bei ya kushangaza, mpigie fundi wako umuulize fyuzi aliyobadilisha iko wapi na ile ya zamani iko wapi. Akikosa jibu la kueleweka, chomoa plagi na usiiwashe tena mpaka mtu mwenye mita afungue bati la nyuma mbele yako.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa vyombo vya umeme,
Majengo, Dodoma.