Goti Litabaki

Isamilo, Mwanza
27 Julai 2025

Ndugu yangu Baba Neema,

Salaam nyingi kutoka huku. Mama watoto anakusalimu, na wajukuu wanaokujua kwa picha tu wanakusalimu pia.

Neema alinipigia simu juzi jioni, Siku ya Mashujaa. Nilidhani ananikumbuka kwa ajili ya siku yenyewe, kumbe analia. Amenieleza yote: kidonda cha kisigino kilichoanza kwa kuchubuliwa na kiatu, ganzi iliyokufanya usikisikie, sukari inayogoma kushuka, vidole viwili vilivyogeuka vyeusi. Daktari amesema mguu ukatwe chini ya goti kabla donda ndugu halijapanda. Akaniambia na jibu lako, kwamba uliingia Kampala kwa miguu miwili na utaingia kaburini kwa miguu miwili.

Ningeweza kukupigia. Lakini kwenye simu utanikatiza, nami nitashindwa kusema. Barua haikatizwi. Neema atakusomea taratibu, na ukikasirika atasubiri hasira ipoe, kisha aendelee.

Baba Neema, kubali wakukate.

Nina haki ya kukuambia hivyo, na haki hiyo ulinipa wewe. Lile bomu la ardhini la Mutukula, Januari 1979, kwenye Vita vya Kagera, sikulisikia likilipuka. Nakumbuka udongo mdomoni, na wewe umepiga magoti unavua mkanda wako na kuukaza pajani mwangu. Ulinibeba mgongoni huku ukinitukana kwa Kihaya njia nzima ili nisilale. Sikuwahi kukuuliza maana ya yale maneno. Niliyashika kama mtu anavyoshika kamba.

Jambo ambalo sijawahi kukwambia ni hili. Mguu wangu uliumia chini, kwenye kifundo na ugoko. Goti lilikuwa zima. Lakini barabara ilikuwa tope, magari ya risasi na chakula yanapanda mbele, sisi majeruhi tunarudi nyuma. Daraja la Kyaka adui alishalilipua, tukavushwa Mto Kagera kwa daraja la muda la jeshi. Nilipofika mezani kwa daktari, uozo ulikuwa umepita goti. Yule daktari, kijana tu, aliniomba radhi. Alisema ningefika siku moja kabla, goti lingebaki. Hakuna ninayemlaumu, vita ni vita. Ila goti hilo nimelililia miaka 46. Unaijua njia ya kupanda kwangu huku Isamilo, mawe juu ya mawe. Mwenye goti na mguu wa bandia anapanda jiwe. Asiye na goti anauzungusha mguu kutoka kiunoni kama anayefungua geti, kila hatua. Wewe unapewa goti bure, na unalikataa.

Mlipokuwa Masaka na Lukaya mimi nilikuwa nimelala wodini hapa Mwanza, nikisikiliza redio. Mwisho wa Machi ile ndege ya Walibya ilikuja kutafuta matangi ya mafuta, bomu likaangukia Kisiwa cha Saanane na kuua swala. Wodi nzima tulidhani vita imetufuata kitandani. Tarehe 11 Aprili, Kampala ilipoanguka, wenzangu walishangilia. Mimi nilijifunika shuka. Nilikuwa na miaka 22 na niliamini nimeishia pale.

Baadaye nikapelekwa Moshi, hospitali ya KCMC, kutengenezewa mguu wa bandia, lakini kabla ya huo mguu nilishapata kazi. Mwaka 1980 Shirika la Posta na Simu liliniajiri. Nalo lilikuwa changa, lilizaliwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Nilimwomba msimamizi kitu kimoja tu: aniweke nyuma, kwenye kupanga barua, watu wasinione.

Hujawahi kuingia kule nyuma, kwa hiyo nikueleze. Magunia yanashushwa, mengine kwa treni ya kutoka Dar es Salaam, mengine kwa meli ya kwenu Bukoba. Tunakata kamba zenye lakiri, tunamwaga barua mezani, tunagawa: hizi za Ukerewe, hizi za Geita, hizi za Magu, hizi za mjini. Za mjini zinaingia kwenye masanduku, namba kwa namba. Ninyi wa mbele mnaona ukuta wa vijilango vyenye kufuli. Sisi wa nyuma tunaona matundu. Mtu akifungua kijilango chake, mimi simwoni uso wala yeye hanioni. Naona mkono tu unaingia.

Basi watu wa Mwanza niliwajua kwa mikono. Mkono wa mwalimu wenye chaki, maana sanduku moja la shule lilibeba barua za kijiji kizima. Mkono wa fundi wenye grisi. Mkono wa mama wa Kirumba uliokuja na harufu ya dagaa. Nilijifunza kwamba mkono ukikuta barua hutoka haraka, na ukikuta tundu tupu hubaki kidogo, ukipapasa kona zote, kana kwamba barua inaweza kujificha. Nilizipenda sana zile saa za asubuhi. Nilipenda pia kwamba hakuna anayeniona. Nilikaa nyuma ya ukuta ule miaka sita. Nilifika kabla ya watu, nikaondoka giza likiingia. Kanisani nilikaa benchi la mwisho. Nilikuwa naishi kama barua isiyo na anwani.

Kulikuwa na mkono mmoja wa mzee, kidole cha shahada kimekatika ncha. Ulikuja kila Jumatatu, ukapapasa, ukaondoka. Wiki nyingi. Jumatatu moja ulikuwa umeshatoka nilipoona barua yake kwenye tundu la jirani. Nilikuwa nimeiweka mimi mwenyewe, nimekosea namba moja. Anwani ilikuwa imeandikwa kwa mkono wa kijana. Sikufikiri. Nilichukua gongo, nikafungua mlango wa pembeni, nikatoka ukumbini nikiruka kwa mguu mmoja, maana ule wa bandia ulikuwa umenichubua nikauvua asubuhi ile. Suruali inaning'inia. Ukumbi umejaa. Nikapiga kelele, "Mzee! Mzee, simama!"

Akasimama. Nikampa bahasha, nikamwomba msamaha. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akasoma jina la aliyeituma, akaanza kutetemeka midomo. Baba Neema, hakuutazama mguu. Nilipogeuka, wengine nao walikuwa wanachungulia bahasha zao, wanatafuta funguo zao, wanahesabu sarafu za stempu. Miaka sita niliwakimbia watu waliokuwa wanatazama barua zao.

Mwezi uliofuata niliomba dirisha. Nikauza stempu, nikapokea barua za rejista, nikajaza fomu za hawala kwa bibi zetu wasioona vizuri. Nilihesabu maneno ya telegramu za misiba. Kila neno lililipiwa, na watu walikuja na sentensi ndefu za uchungu, tukikaa pamoja kuzikata mpaka yabaki matano. Mwaka 1994 Posta na Simu walipotenganishwa nilibaki Posta. Nilistaafu dirishani mwaka 2017, simu za mkononi zilipokuwa zimeshamaliza barua za mapenzi na sisi tumebaki na vifurushi na barua za ofisi.

Siku moja tu nilirudi nyuma kwa hiari yangu. Ni baada ya meli ya MV Bukoba kuzama, 21 Mei 1996. Unajua wewe, ulizika wawili. Wiki kadhaa baadaye kijana aliyekuwa zamu ya kupanga alikuja kuniita, akasema kuna matundu yamejaa hayaingii barua tena. Nilikwenda nikasimama mbele yake. Mikono ya matundu yale niliifahamu. Sikuweza kumweleza yule kijana.

Sasa sikia ya kufanya, maana daktari atakuambia lakini utakuwa umelewa dawa.

Kwanza, wakishakukata, utausikia mguu upo. Kidole gumba kitawasha, unyayo utaungua. Hujachanganyikiwa, wala hujarogwa. Wangu huwasha mpaka leo mvua ikikaribia ziwani. Kanda kigutu taratibu kwa kiganja, kitatulia. Pili, usikubali mto ukae chini ya goti. Utaona raha, lakini goti litajikunja na kukataa kunyooka, na mguu wa bandia hautakaa. Nililiona hilo Moshi kwa wenzangu, watu wenye goti waliolipoteza kwa mto. Tatu, bandeji ifungwe vizuri kila siku ili kigutu kipate umbo. Ukishapata mguu, kila usiku osha, kausha, kisha tazama kwa kioo pande zote kama pamechubuka, maana kwa sukari yako hutasikia maumivu. Na huo mguu mzima uutunze kuliko mboni ya jicho. Hakuna ndala tena, hakuna peku shambani, hata kwenye migomba yako.

Na usijifiche. Wakija watu kukuona, usijifunike shuka. Hilo ndilo ninalolijua kuliko yote niliyoandika hapa.

Barua hii naipeleka kesho asubuhi pale pale dirishani pangu pa zamani, iende kwa EMS, ile huduma ya haraka ya Posta. Alhamisi nafuata mwenyewe kwa basi. Sasa hatusubiri kivuko tena. Daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa mwezi uliopita, kilomita 3 juu ya maji. Nataka nifike kabla ya siku ya upasuaji, nikusindikize mpaka mlangoni, na ukiamka uikute sura hii mbaya kitandani kwako kama nilivyoikuta yako Kyaka.

Neema asihangaike kunipokea stendi, nitapanda bajaji. Nakuletea magongo yangu mawili ya mninga, yale ya mwaka 1979. Nimeyapunguza leo mchana kwa msumeno, vidole vinne kila moja, nikikukadiria kwa kumbukumbu. Kama yamezidi urefu tutayakata tena hapo hapo uani kwako.

Ni mimi ndugu yako,
Baba Juma